Mtihani wa Kidato cha Sita na Mlango wa Chuo Kikuu

Mwezi wa Julai mwaka jana, siku chache baada ya matokeo ya Kidato cha Sita kutangazwa, mzee mmoja mkulima wa tumbaku alifika hapa shuleni asubuhi mapema. Baiskeli yake ilikuwa imefungwa kuku wawili nyuma. "Mwangaluka, Mwalimu," akaniamkia, na kabla sijamaliza kuitikia akanipa wale kuku mkononi. Binti yake alisoma kwetu mpaka Kidato cha Nne, kisha akachaguliwa kwenda shule ya bweni katika mkoa mwingine. Sasa amefaulu, Daraja la Tatu, pointi 15. Mzee alikuja kutoa shukrani kwa walimu wa kwanza wa mwanawe, na alikuwa na swali moja tu: Chuo Kikuu kinafunguliwa lini, ili auze ng'ombe mapema kabla bei haijaanguka?

Nilimwomba anioneshe matokeo. Yalikuwa yameandikwa kwa mkono juu ya kipande cha karatasi ya daftari: Kemia E, Baiolojia E, Jiografia E. Nikanyamaza. Si jambo jepesi kumwambia mzazi mwenye furaha kwamba mtoto wake amefaulu kweli, walakini kwa alama hizo hawezi kupokewa katika chuo kikuu cho chote hapa nchini kusomea shahada. Nilimweleza polepole. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa, Mwalimu, neno hili kwa nini hakutuambia mtu miaka miwili iliyopita?" Kuku wake nilitaka kumrudishia, akakataa.

Swali lake ndilo lililonitia kuandika makala hii. Wazazi wengi wa hapa Ntalikwa, na wanafunzi karibu wote, hawajui kwamba mtihani ule mmoja huhesabiwa mara mbili, kwa vipimo viwili vinavyokwenda kinyume. Asiyelijua jambo hili hujitayarisha gizani.

Kipimo cha kwanza ni cha Baraza la Mitihani la Tanzania. Katika mtihani wa Kidato cha Sita alama 80 hadi 100 ni A, 70 hadi 79 ni B, 60 hadi 69 ni C, 50 hadi 59 ni D, 40 hadi 49 ni E, 35 hadi 39 ni S, na chini ya hapo ni F. Baraza huipa A pointi 1, B pointi 2, na kuendelea hivyo mpaka F yenye pointi 7. Pointi za masomo matatu ya tahasusi hujumlishwa. Mwenye 3 hadi 9 yu Daraja la Kwanza, 10 hadi 12 la Pili, 13 hadi 17 la Tatu, 18 na 19 la Nne, na 20 au 21 ameanguka. Hapa, basi, pointi chache ndizo bora.

Kipimo cha pili ni cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, nacho kimegeuzwa juu chini: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Hapa pointi nyingi ndizo bora. Tume haitazami daraja hata kidogo. Hutaka mwombaji awe na ufaulu kamili, yaani kuanzia A hadi E, katika masomo mawili yanayohusika na shahada anayoiomba, na pointi za masomo hayo mawili zisipungue 4.

Sasa mchukue yule binti. Kwa Baraza, E tatu ni 5 mara tatu, jumla 15, Daraja la Tatu. Kwa Tume, E mbili ni pointi 2. Zimepungua mbili. Mtazame na mwanafunzi mwingine aliyepata D, D na F. Kwa Baraza ni 4 na 4 na 7, jumla 15 vile vile, Daraja la Tatu vile vile. Lakini kwa Tume D mbili ni pointi 4, naye anaruhusiwa kuomba, maadamu D zake zimo katika masomo yanayotakiwa na shahada ile. Ukizitazama karatasi zao utadhani ni mapacha. Mmoja atapokea barua ya chuo, mwingine hataipokea. Na yule aliyeachwa nje ndiye ambaye hakuanguka katika somo lo lote! Mimi mwenyewe naliona jambo hili kuwa na ukali kidogo, lakini kulalamika hakuongezi pointi. Afadhali kulijua mapema.

Tena pointi 4 ni kizingiti tu, si kiti. Kila chuo huweka masharti yake juu ya yale ya Tume, na penye waombaji wengi kuliko nafasi huchukuliwa wenye alama za juu. Udaktari hudai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. Uhandisi mara nyingi hudai Fizikia na Hisabati, hivyo aliyesoma Fizikia, Kemia na Baiolojia hata akiwa hodari namna gani milango mingi ya uhandisi imekwisha kufungwa kwake tangu siku ile alipochagua tahasusi. Masharti haya yote huchapishwa kila mwaka katika kitabu cha mwongozo cha Tume. Hakiuzwi, hupatikana bure katika intaneti, na kijana mwenye simu anaweza kukifungua hata akiwa chini ya mwembe.

Hapo ndipo niseme na vijana wa Kidato cha Tatu na cha Nne, ambao hudhani kwamba habari za chuo kikuu ni za wakubwa wao. Matayarisho huanza kwenu. Ili kuchaguliwa kwenda Kidato cha Tano sharti upate angalau C katika masomo matatu, bila kuhesabu masomo ya dini, na pointi zako zisizidi 25. Katika Kidato cha Nne C huanzia alama 45. Lakini ukiingia na C ya 45 katika somo la tahasusi, umeingia umechechemea. Masomo ya Kidato cha Tano si marudio ya yale ya Kidato cha Nne. Ni mlima mwingine, na mapumziko ya kupanda ni mafupi. Kidato cha Tano huanza Julai, na mtihani wa mwisho huja mapema mwezi wa Mei mwaka wa pili unaofuata. Hesabu mwenyewe: ni miezi 22, ukitoa na likizo haifiki 20.

Yule binti wa mzee alikuwa na B ya Historia na B ya Kiswahili, na C hafifu katika Kemia. Kwa nini alichagua tahasusi ya sayansi? Aliniambia baadaye, bila kuficha, kwamba rafiki zake wote walijaza hivyo katika selfom, na jina la sayansi lilipendeza nyumbani. Sisemi kwamba sayansi iachwe, nchi inaihitaji mno. Nasema kwamba tahasusi huchaguliwa kwa kutazama alama zako mwenyewe na kazi uitakayo, si alama za rafiki. Na Serikali hutoa nafasi ya kubadili machaguo baada ya matokeo ya Kidato cha Nne kutoka. Nafasi hiyo huwapita wengi kwa sababu wakati ule wako shambani na hakuna aliyewaambia. Mwaka 2024 tahasusi nyingi mpya ziliongezwa, kwa hiyo uchaguzi ni mpana kuliko zamani; muulize mwalimu wa taaluma kabla ya kujaza.

Jambo jingine la Kidato cha Nne ni Hisabati. Wako wanafunzi, nao ni wengi, ambao huiacha Hisabati kabisa wakisema watasoma sanaa. Programu nyingi za uchumi, za uhasibu na biashara, na za kompyuta humdai mwombaji ambaye hakusoma Hisabati ya juu aoneshe kwamba alifaulu ile ya Kidato cha Nne. Miaka miwili baadaye F ile hurudi na kukaa mlangoni kama mdai.

Labda msomaji atauliza mambo haya yalianza lini. Mji wetu wa Tabora ni mahali pazuri pa kuuliza swali hilo, maana kabla ya uhuru shule ya Serikali ya Tabora ilikuwa katika shule za juu kabisa ambazo Mwafrika wa Tanganyika angeweza kusoma. Julius Nyerere aliingia pale mwaka 1937, na mwaka 1943 alikwenda Makerere, Uganda, kwa kuwa hapa kwetu hapakuwa na chuo kikuu. Katika enzi ile mitihani mikubwa ya sekondari ilikuwa ya Cambridge, na kijana wa Unyanyembe aliandika majibu yake ili yasahihishwe Uingereza na mtu asiyepata kuuona mti wa mninga. Chuo cha kwanza cha hapa nchini kilifunguliwa Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika hata ishirini. Mwaka 1967 nchi tatu za Afrika Mashariki ziliunda Baraza lao la mitihani. Tanzania Bara ilijitoa mwaka 1971, na Baraza letu likawekwa kwa Sheria Namba 21 ya mwaka 1973. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilileta desturi nyingine: aliyemaliza Kidato cha Sita alitakiwa afanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Desturi hiyo haipo tena.

Nchi nyingine zina njia zao. Marekani wana mtihani uitwao SAT, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1926. Haupimi masomo ya tahasusi bali kusoma kwa kuelewa, kuandika na hisabati, nao alama zake za juu kabisa ni 1600. Nje ya Marekani hufanywa kwa kompyuta tangu mwaka 2023. Mtanzania anayetafuta msaada wa masomo huko anaweza kutakiwa kuufanya, ingawa vyuo vingi vya kule vimelegeza sharti hilo. Kwetu hakuna mtihani wa pekee wa kuingilia chuo kwa aliyetoka shuleni moja kwa moja. Mtihani wa kumaliza ndio huo huo wa kuingilia, na kwa hiyo hufanywa kazi mbili kwa kalamu moja.

Basi mtu ajitayarishe vipi? Nitasema yale ambayo nimeyaona mwenyewe, nikianza na aibu yangu.

Nilipokuwa Kidato cha Sita nilikuwa najisifu kwa Historia. Karatasi ilitaka maswali matano kwa muda wa saa tatu, kila swali alama 20. Nilikutana na swali nililolipenda, nikaliandika kana kwamba nalipwa kwa ukurasa. La pili hivyo hivyo, na la tatu. Msimamizi aliposema zimebaki dakika kumi nilikuwa bado na mawili. Sasa fanya hesabu. Insha tatu nzuri, tuseme kila moja 14 katika 20, jumla ni 42. Hiyo ni E. Mwenzangu niliyekuwa nikimcheka kwa insha zake za kawaida alijibu yote matano. Hata angalipata 11 tu kila moja, jumla ni 55, nayo ni D. Kwa kipimo cha Tume D ni mara mbili ya E. Hakunizidi Historia, alinizidi kutazama saa.

Saa tatu ni dakika 180 kwa alama 100. Kwa hiyo alama moja ina dakika moja na sekunde 48. Swali la alama 10 ni dakika 18, la 15 ni dakika 27, la 20 ni dakika 36. Ukitoa dakika kumi za mwanzo za kusoma karatasi yote na kuchagua maswali, muda hupungua kidogo tena. Hesabu hii iandike juu ya jalada la daftari lako leo. Alama za mwanzo za swali hupatikana upesi, za mwisho ni ngumu kama kukamua ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa. Dakika zikiisha, acha nafasi, nenda swali lingine, utarudi.

Tena Baraza halifichi mambo yake kama watu wanavyodhani. Huchapisha muundo wa mtihani kwa kila somo: sehemu ngapi, maswali mangapi, yapi ya lazima. Kadhalika, baada ya mtihani hutoa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, pamoja na mifano ya majibu mazuri na mabaya iliyopigwa picha kutoka katika karatasi zenyewe. Mimi nastaajabu kwamba mwanafunzi atatoa fedha kununua "maswali yatakayotoka" kwa mtu asiyemjua, ilhali maelezo ya msahihishaji mwenyewe yapo bure hajayasoma. Wauza mitihani ni waongo, na atakayekamatwa na karatasi ya namna hiyo hufutiwa matokeo yote.

Mitihani ya miaka iliyopita ifanywe kwa saa mezani, vitabu vimefungwa, mpaka mwisho. Wengi wetu huisoma kama gazeti, tukitikisa kichwa: "Hili nalijua, na hili." Kujua kwa kichwa na kuandika kwa mkono ni vitu viwili. Andika, mpe mwalimu asahihishe, kisha kosa lile lifanyie kazi juma hilo hilo. Mtihani wa utamilifu nao usiuchukue kama adhabu. Ndio mahali pa kukosea bila kulipa.

Shida yetu kubwa zaidi, na walimu wenzangu watanishuhudia, ni lugha. Mtoto anasema Kinyamwezi kwa bibi yake, Kiswahili njiani, na mtihani anafanya kwa Kiingereza. Mara nyingi anajua jambo lakini hakulielewa swali. Ameambiwa alinganishe, yeye ameeleza kitu kimoja tu. Ameambiwa ajadili, yeye ametaja. Msahihishaji hawezi kumpa alama za jibu ambalo halikuulizwa. Katika darasa langu tumeanza kazi moja ndogo: kila Ijumaa tunachukua maswali kumi ya zamani, hatuyajibu, tunaeleza tu kwa Kiswahili kila swali linataka nini. Mwanzoni wengi walikosea nusu yake, nami sikutegemea kwamba ingekuwa vibaya kiasi hicho.

Kwa wazazi nina maombi mawili. La kwanza ni muda. Najua msimu wa tumbaku hauna huruma, na mikono ya vijana inahitajika bandani. Lakini kijana anayerudi shambani saa moja jioni hawezi kufanya karatasi ya saa tatu usiku ule. Mpeni siku mbili za juma, hata alasiri tu. La pili ni hati. Jina katika cheti cha kuzaliwa, jina la shuleni na jina la mtihani yawe moja, herufi kwa herufi. Maombi ya chuo hutumia namba ya mtihani wa Kidato cha Nne, na Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Yatima huhitaji cheti cha kifo cha mzazi vile vile. Wako waliofaulu wakakwama hapo, kwa sababu mtoto aliyesajiliwa kwa jina la babu alifanya mtihani kwa jina la baba. Shughulikieni jambo hili akiwa Kidato cha Kwanza.

Na aliyekosa zile pointi 4, je? Njia ya moja kwa moja imefungwa, si zote. Anaweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Anaweza kupitia kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ikiwa ametimiza masharti yake. Au asome stashahada katika chuo cha kati, na akimaliza kwa wastani usiopungua 3.0, akiwa pia na ufaulu wa kutosha wa Kidato cha Nne, anaruhusiwa kuomba shahada. Ni njia ndefu kwa miaka kadhaa na ina gharama yake, lakini wahandisi na wauguzi wengi wamepita humo.

Binti wa yule mzee ameichukua hiyo ya mwisho. Yuko katika chuo cha kilimo, na ng'ombe ameuzwa kwa karo. Mwezi uliopita mzee alirudi tena hapa shuleni, safari hii bila kuku, amefuatana na kijana wake wa Kidato cha Tatu. Nilimpa kiti. Alitoa ripoti ya muhula mfukoni akaikunjua juu ya meza yangu, wala hakuniuliza kijana amekuwa wa ngapi darasani. Aliweka kidole chake juu ya mstari wa Hisabati, akasema, "Hii hapa, Mwalimu. Tuanze na hii."